Uliza mwezi kwanza, nauli baadaye

Mimi ni mzaliwa wa Mwanza. Nimekulia Kirumba, ziwa liko mbele ya macho, na ziwani maji hukaa pale pale. Ukifunga mtumbwi kwenye jiwe jioni, asubuhi unaukuta umelala na jiwe lake. Hata nilipohamia Dar es Salaam kikazi, nilikaa miaka minane nikiiona bahari siku za sikukuu tu, na kila nilipoikuta imerudi mbali nilidhani tumefika siku mbaya.

Natanguliza hayo ili ujue nilikuwa mtu wa namna gani nilipoamua kwenda Kilwa peke yangu.

Wazo lenyewe lilianza kwa aibu ndogo. Ninakaa Mbagala. Miaka yote hiyo nimepita Barabara ya Kilwa asubuhi na jioni, nimening'inia kwenye daladala zake, nimeitukana foleni yake, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza inakwenda wapi. Nilipowaambia wenzangu kazini kwamba likizo yangu naenda Kilwa, mmoja akauliza, "Kilwa Road sehemu gani?" Hakuwa anatania.

Nikachukua daftari nikapanga siku sita. Ijumaa kufika Kilwa Masoko, Jumamosi Kisiwani, Jumapili Songo Mnara, Jumatatu Kilwa Kivinje, Jumanne Mikindani karibu na Mtwara, Jumatano kurudi. Kila siku na mstari wake, kila mstari na saa zake. Ilikuwa Agosti 2019. Idd el-Hajj iliangukia Jumatatu ya wiki ile ile. Nilikula pilau kwa jirani yangu, nikapewa na ya kubeba kwenye bakuli. Iweke akilini hiyo Idd, nitairudia.

Mabasi ya Kilwa yalikuwa yanapatikana Rangi Tatu, hapo hapo Mbagala, kwa hiyo safari yangu ya kwanza ya kitalii nilianza kwa miguu, begi mgongoni, nikiwapita majirani wanaosafisha uwanja. Ni kama kilomita 300. Pembeni yangu alikaa mzee wa Somanga aliyekuwa na kapu la vitumbua na maoni juu ya kila daraja. Tulipofika Daraja la Mkapa, lile refu la karibu kilomita moja juu ya Rufiji, akanigusa mkono. "Hapa tulikuwa tunalala." Kabla daraja halijafunguliwa mwaka 2003 watu walivuka kwa pantoni, na pantoni ikiharibika, au mto ukijaa, abiria walibaki ukingoni wakikopana unga na kusubiri. Akasema watu wa Kusini usiwapimie haraka, huo mto ndio uliowalea. Nikacheka kwa adabu. Mimi nilikuwa na daftari.

(Hata leo hiyo barabara usiiamini sana wakati wa mvua. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata, Lindi na Mtwara zikabaki hazina njia ya kawaida ya kuja Dar. Mimi sasa siendi huko kabla ya Juni.)

Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba Kilwa ziko tatu, na ukimwambia kondakta "nashuka Kilwa" anakuangalia akisubiri umalizie. Kisiwani ndiyo ile ya zamani, ya masultani na dhahabu ya Sofala, huko pwani ya Msumbiji. Kivinje, upande wa bara kaskazini, ilinawiri karne ya 19 kwa biashara ya pembe na ya watumwa walioletwa kutoka pande za Ziwa Nyasa. Masoko ndiyo yenye ofisi za wilaya, benki, soko na gati, na ndiko unakolala ukitaka kuvuka. Mabasi ya Mtwara hayaingii. Yanakuacha Nangurukuru, njia panda, mikononi mwa bodaboda.

Gesti niliyofikia niliichagua kwa sababu niliona mwenyewe anaishi humo humo, nguo zake zimeanikwa uani. Akaniletea daftari la wageni. Jina, kabila, kazi, utokako, uendako.

"Na mwenzio?"

"Niko peke yangu, mama."

"Anakuja kesho?"

"Haji mtu, mama. Nimekuja kutembea tu."

Akanitazama kidogo, kisha akanibadilishia ufunguo. Chumba alichonipa kilikuwa ukuta kwa ukuta na chake. Wakati ule niliona kama napekuliwa. Baadaye nikagundua kwamba yule mama ndiye aliyekuwa ofisi yangu ya utalii, zahanati yangu na ulinzi wangu, kwa bei ya chumba kimoja chenye feni. Dada anayesafiri peke yake akiniuliza nilale wapi, namwambia atafute nguo uani.

Nilifika saa tisa alasiri, Ijumaa. Kuvuka kwenda kwenye magofu kunahitaji kibali, na mimi nilidhani kibali ni kitu unachokikuta kinakusubiri. Mlango umefungwa. Sikuwa nimepiga simu, sikuwa nimeuliza, nilikuwa nimeandika tu kwenye daftari "saa 9:30 kibali". Nikarudi gesti nimenuna. Mama akaniuliza nimekula, nikasema sijala. Akaniuliza nimeoga, nikasema bado. "Basi unagombana na nini?" Akapiga simu moja, akaongea salamu dakika tano nzima, na mwishoni kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akataja habari yangu. Kesho yake saa mbili asubuhi kibali kilikuwepo. Nilionyesha kitambulisho cha NIDA na kulipa kiwango cha raia, ambacho ni sehemu ndogo tu ya anacholipa mgeni wa nje.

Kutoka gati ya Masoko, Kisiwani unakiona. Ni mwendo mfupi, na upepo wa kusi ulikuwa unavuma vizuri, dau likalala ubavu kidogo na mimi nikashika ubao kwa mikono miwili. Kinachokupokea kwanza ni Gereza, ngome iliyosimama karibu kabisa na maji. Wareno walijenga ngome hapo mwaka 1505 walipouteka mji, na hii unayoiona leo kwa sehemu kubwa ni ya Waomani waliokuja baadaye.

Mwongozaji wangu alikuwa kijana wa hapo hapo kisiwani. Nilimpenda kwa sababu hakuwa na hotuba. Ndani ya Msikiti Mkuu aliniacha kwanza nizunguke peke yangu kati ya nguzo. Sehemu ya kaskazini ndiyo kongwe, ya karne ya 11. Ile kubwa yenye kuba na matao iliongezwa baadaye. Ndani kuna ubaridi ambao hutarajii mahali pasipo na feni, na sauti yako inarudi imelainika. Kisha akaniuliza, "Dada, unajua sarafu za hapa ziliokotwa wapi?" Nikasema Zimbabwe, maana hilo nimelisoma. "Na Australia." Nikadhani ananichezea. Kumbe ni kweli: mwaka 1944, kwenye visiwa vya kaskazini mwa Australia, askari mmoja aliokota sarafu chache mchangani, na miongoni mwake zilikuwemo za Kilwa. Hakuna anayejua kwa uhakika zilifikaje.

Tulitembea kwenda Husuni Kubwa kwa njia inayopita katikati ya kijiji. Hapo ndipo nilipoanza kuona kosa la kichwa changu. Nilikuwa nimekuja kuona mji uliokufa, na huku watoto wanatoka madrasa, nyavu zimeanikwa, mwanamke anachota maji kisimani na kunisalimu. Husuni yenyewe iko juu ya jabali linalotazama bahari. Ilijengwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, ina vyumba zaidi ya mia, na bwawa la kuogelea la pembe nane ambalo mpaka leo unaweza kulihesabu pembe zake kwa kidole. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331, katika enzi ya sultani huyo huyo, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi.

Mwongozaji akakaa ukingoni mwa bwawa, akanisimulia kama jambo la juzi. Sultani anatoka msikitini, fakiri kutoka Yemen anamwomba nguo alizovaa. Sultani anaingia ndani, anabadilisha, anampa. Halafu sultani akafa, akashika ndugu yake Daud. Waombaji wakija, Daud akawa anawajibu: aliyekuwa akitoa amekufa, na hakuacha cha kutoa.

Jioni, tukirudi ufukweni, nikajaribu kumwomba mwenye dau anipunguzie nauli ya kurudi. Mwongozaji akaangua kicheko. "Dada, aliyekuwa akitoa amekufa." Nikalipa yote.

Siku ile ilikuwa nzuri, na ndiyo iliyonilevya.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Songo Mnara. Kisiwa hicho kiko kusini zaidi, kimo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia pamoja na Kisiwani tangu 1981, na mji wake ni wa karne ya 14 na 15: misikiti mitano, kasri, na nyumba thelathini na kitu za mawe ya matumbawe. Nilikuwa na hamu nako kuliko kokote. Jioni ile ile ya Jumamosi nilimtafuta nahodha mwenye boti ya mashine, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na viatu vya yeboyebo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unataka kwenda lini?"

"Kesho. Saa tatu asubuhi, nikishakunywa chai."

Akatazama juu, siyo kwangu. "Leo mwezi ngapi?"

"Kumi na saba," nikasema. Tarehe 17 Agosti.

"Kumi na tano," akasema taratibu. "Kesho kumi na sita. Bamvua hilo. Tutoke baada ya swala ya alfajiri, maji yangalipo. Au ungoje Jumamosi ijayo, maji mafu, twende kwa raha."

Nitasema ukweli: nilidhani anataka kuwahi shughuli zake. Nilidhani hizo ni lugha za watu wa pwani za kumzungusha mgeni. Kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati chai ya gesti inaanza saa moja, na miguu inaniuma kwa kutembea kisiwa kizima? Nikasisitiza saa tatu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Pesa ni yako, mwanangu. Matope pia."

Sasa kwa wenzangu wa bara, maana mwenzenu nililijua hili nikiwa nimechelewa. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari hujaa sana na hupwa sana; hilo ndilo bamvua, na kwenye pwani yetu tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu. Katikati, mwezi ukiwa nusu, maji hayapandi sana wala hayashuki sana, ndiyo maji mafu. Na saa zake nazo hazitangitangi ovyo. Siku za bamvua maji hujaa alfajiri na jioni, kisha mchana kabla ya adhuhuri yanakuwa yamekimbia. Siku za maji mafu ni kinyume, yanajaa asubuhi ya saa nne, tano. Mvuvi hahitaji jedwali. Anataka tu kujua leo mwezi ngapi, na anasema mwezi wa kuandama, siyo wa kalenda ya ukutani.

Na mimi nilikuwa nayo hiyo habari tumboni! Idd el-Hajj ni mwezi kumi, yaani siku ya kumi tangu mwezi uandame, mfunguo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Nililila pilau lake Jumatatu. Jumatatu kumi, Jumamosi kumi na tano. Mtoto wa madrasa angehesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Tulitoka saa tatu kasoro, kusi likiwa limeshaamka, linakuja usoni. Boti ilikuwa inapanda wimbi na kushuka kwa kishindo, kijana wa nahodha anafua maji kwa kopo la mafuta lililokatwa, mimi nimekumbatia begi. Tulipokaribia Songo Mnara ilikuwa saa tano. Sikuona maji. Niliona mikoko, na mbele ya mikoko uwanja wa matope unaong'aa kama sahani iliyolambwa, na kaa wadogo maelfu wakitukimbia. Boti ikasita, ikagusa, ikakaa.

"Tumepwelewa," nahodha akasema, na kuzima mashine.

Neno hilo nilikuwa nalisikia kwa watu walioishiwa hela.

Nilishuka na raba zangu mpya. Hatua ya kwanza matope yalifika vifundoni, ya nne magotini, ya kumi mapajani. Kijana wa nahodha alikuwa ananitangulia pekupeku, anateleza juu kama anajua kila shimo, ananyoosha mkono. "Usisimame, dada! Ukisimama unazama!" Nikasimama, bila shaka, kwa sababu raba ya kulia ilikuwa imebaki chini. Nilizamisha mkono mpaka begani kuitafuta. Sikuipata. Mpaka leo iko huko, na ikifukuliwa miaka mia saba ijayo natumaini wataalamu watakuwa na maelezo mazuri. Katika kuhangaika nikakanyaga mzizi wa mkoko kwa mguu ule usio na kiatu, na mizizi ile imejaa chaza, makali kama wembe. Niliona damu kabla sijasikia maumivu.

Magofu niliyaona. Niliyaona kama mtu anavyoona harusi huku jino linamuuma. Nakumbuka ukuta mrefu, mlango wa tao, mibuyu, na mimi nimekaa kizingitini mwa nyumba ya mtu aliyekufa miaka mia tano na zaidi iliyopita, nimefunga mguu kwa mtandio. Tulingoja maji mpaka baada ya alasiri. Nahodha hakunisema hata neno. Alitoa muhogo uliochemshwa na samaki wa kukaanga, akanigawia, akalala chini ya mkoko. Kitu kilichoniuma zaidi ya mguu ni kwamba alikuwa amebeba chakula cha watu watatu. Alijua tutakaa.

Jumatatu yote nilishinda gesti, mguu ndani ya beseni la maji ya moto na chumvi, mama akinisimamia. Mstari wa Kivinje kwenye daftari ukasogea Jumanne. Mtu mwenye akili angefuta Mikindani. Mimi nikaamua nitafanya Kivinje asubuhi na kupanda basi la Mtwara mchana huo huo.

Kivinje ni mji unaokufanya upunguze sauti bila kuambiwa. Nyumba za ghorofa zilizobaki na kuta nusu, boma la Wajerumani limeinamia bahari bila paa, mivinje inavuma ufukweni, na bahari ikipwa inakwenda mbali mno. Hapo ndipo Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga Wajerumani, aliponyongwa mwaka 1895, na watu wanapaita mahali hapo Mwembe Kinyonga. Miaka kumi baadaye Maji Maji ikawaka kwenye vilima vya Umatumbi, siyo mbali.

Nilikuwa na saa tatu tu. Nikawa natembea nachechemea haraka haraka na simu mkononi. Nikaona mlango wa nakshi, mbao imepauka, maua na minyororo imechongwa mpaka chini, nikasimama katikati ya njia nikapiga picha. Sauti ya mwanamke ikatoka ndani, haina hasira kabisa.

"Picha ya mlango umeshaipata. Mwenye mlango hujamsalimu."

Nilitamani yale matope ya Songo Mnara. Nikapiga hodi, nikaamkia, nikaomba radhi. Alikuwa bibi wa makamo ya mama yangu, na pamoja naye wanawake wengine wawili kwenye mkeka uani, wanasuka ukili, ule utepe wa majani unaoshonwa kuwa mkeka. Wakanikalisha. Wakauliza mguu umefanyaje, nikasimulia, wakacheka mpaka mmoja akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Mwezi kumi na sita! Saa tano! Na nahodha akakubali?" Wakamtaja nahodha kwa jina, wakamjua ukoo wake, wakaniambia ni mtu mwema.

Kisha bibi akanipa miyaa minne mkononi na kunionyesha. Huu juu, huu chini, vuta, geuza. Vidole vyake havikuangaliwa na macho yake hata kidogo. Macho yalikuwa kwangu, mdomo ulikuwa unazungumza habari za bei ya nazi, na ukili unarefuka wenyewe. Wangu ulikuwa umepinda kama njia ya ng'ombe. Wanazungumza haya na yale, nani kaolewa, nani kaenda Dar hajarudi, nyumba ile iliyoanguka ilikuwa ya nani na kwa nini warithi hawapatani kuijenga. Hilo la warithi lilinifundisha juu ya magofu ya Kivinje kuliko chochote nilichosoma: nyumba haianguki kwa sababu watu hawaithamini, inaanguka kwa sababu ina wenyewe kumi na wanane na kila mmoja yuko mji wake.

Saa ikafika. Nikainuka na ukili wangu wa shubiri moja. Bibi akashangaa. "Unakwenda wapi na wali uko jikoni?" Nikasema nina basi. Ni jibu ambalo bado linanisumbua.

Juu ya Mikindani sina mengi, na ni haki yangu. Nilisimama Nangurukuru karibu saa mbili, mabasi yanakuja kutoka Dar yamejaa, nikafika Mtwara usiku, na asubuhi nikapata saa mbili tu. Ghuba yake ni ya mviringo, imetulia, nzuri ajabu. David Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na boma la Wajerumani limekarabatiwa likawa hoteli. Nina picha kumi na nne. Sikuongea na mtu yeyote zaidi ya dereva wa bajaji. Ukiniuliza kama nimefika Mikindani, nasema nimepita.

Nilirudi Kilwa Oktoba 2022. Safari hii sikuanza na siku za likizo. Nilianza na Maulidi. Maulidi ni mwezi kumi na mbili, mfunguo sita. Nikahesabu siku kumi mbele, nikafika ishirini na mbili, nikaenda kwa bosi kuomba likizo inayoanzia hapo. Akaniuliza kwa nini siku hizo hasa. Nikamwambia kuna maji mafu. Akasaini bila kuuliza tena, nadhani aliogopa.

Nilipiga simu ya kibali wiki mbili kabla. Nilibeba noti ndogo ndogo, maana mwenye dau hana chenji ya elfu kumi, na yeboyebo za kufunga nyuma. Mama wa gesti alifungua daftari lake, akaandika jina langu bila kuniuliza, na pale penye "mwenzio" akasema mwenyewe, "Huyu hana."

Nahodha alikuwepo, ndevu zimeongezeka weupe. Nikamwamkia. Nikasema, "Baba, nataka Songo Mnara. Mwezi ishirini na mbili leo, kesho ishirini na tatu. Tufike saa nne maji yakiwa yamejaa." Alinyamaza akanitazama muda. "Raba uliipata?" akauliza.

Tulikwenda bahari ikiwa imelala, kipindi cha tangambili, kusi limechoka na kaskazi halijaja. Boti iliingia kwenye kijia kati ya mikoko mpaka nikashuka maji yakiwa magotini, chini mchanga. Nilikaa ndani ya mji ule asubuhi nzima. Niliona vidaka vya ukutani ambavyo mara ya kwanza sikuviona, na chokaa laini bado imeshika kwenye mbavu za milango, na vizingiti vimelika katikati kwa miguu ya watu. Kile kizingiti nilichokalia nikifunga mguu nilikitafuta, nikakipata.

Kivinje nililala siku tatu. Mikindani sikuiandika kokote. Asubuhi ya kwanza nilikwenda kwenye ule mlango, nikapiga hodi, simu ikiwa kwenye mkoba. Bibi alinitambua kwa mguu kabla ya uso, kovu liko wazi. Akaingia ndani, akarudi na kile kipande changu cha shubiri moja, kimepauka, hakuwa amekitupa. Nikafurahi sana, nikakaa mkekani nikakishika ili niendelee nacho.

Akakichukua mkononi mwangu, akakigeuza, akakinyoosha juani.

"Hiki fumua chote," akasema. "Umekosea tangu mwanzo."